Mkataba, Katiba na Mguu wa Kushoto



Jioni ya Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu wa Julai, 2025, nilibishiwa hodi nyumbani kwangu hapa Nyarero. Mlangoni alisimama mwanafunzi wangu wa zamani, mtu mzima sasa, umri umekwisha kuvuka miaka 40, akichechemea kidogo mguu wa kushoto kama afanyavyo tangu ujana wake. Kwapani alikuwa na bahasha ya kaki. Nyuma yake alisimama mwanawe wa miaka 16, mrefu, mkimya, macho chini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni ndani."

Alikaa, akanywa maji, akauliza habari za ng'ombe na za shamba la migomba. Kisha akaiweka ile bahasha mezani na kusema, "Mwalimu, nimekuletea karatasi nyingine. Safari hii naomba tuisome wote."

Hakusema kwa ukali. Lakini lile neno "nyingine" lilinichoma, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Nitaeleza kwa nini. Ila kwanza niruhusuni niseme habari za mpira, kwa sababu karatasi yenyewe ilikuwa ya mpira.

Mimi ni mtu wa Msimbazi tangu mwaka 1974. Nilikuwa mtoto wa miaka 14 Simba ilipofika nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika na kutolewa na Mehalla ya Misri kwa mikwaju ya penalti. Habari hiyo tuliipata kwa redio ya baba mdogo, na nakumbuka wazee walinyamaza kana kwamba kuna msiba. Tangu siku ile sijapona. Nililia tena mwaka 1993 Simba ilipofungwa na Stella ya Abidjan katika fainali ya Kombe la CAF, hapohapo Dar es Salaam. Na Mei 25 mwaka huu, mzee mzima wa miaka 65, nimeinama mbele ya redio tena, Simba ikitoka sare ya 1-1 na RS Berkane ya Morocco katika uwanja wa Amaan, Zanzibar, na kulikosa Kombe la Shirikisho kwa sababu ya mabao 2 iliyofungwa ugenini. Basi msinidhanie kuwa ni mtu anayeutazama mpira kwa mbali na kuwacheka mashabiki. Mimi ni mmoja wao.

Julai ni mwezi wa usajili. Hapa senta yetu, vijana wa bodaboda wakisubiri abiria hawazungumzi jambo jingine. Nani anakuja, nani anaachwa, nani amepandisha dau, nani ameshuka kiwango. Nami hukaa nao, kwani mwalimu mstaafu hana kengele ya kumwita darasani. Lakini sikio la mwalimu wa Kiswahili halistaafu, na mwaka huu limenasa jambo ambalo kwa miaka mingi lilipita bila mimi kulijali.

Tunasema: "Kifaa kipya kimetua Msimbazi." Tunasema: "Jangwani wameshusha mashine." Sikilizeni upatanisho wa kisarufi. Mtu, ambaye tangu darasa la kwanza tunafundisha kuwa yumo katika ngeli ya A-WA, amehamishwa na kutiwa katika ngeli ya KI-VI. Hakutua, kimetua. Akifunga mabao, ni chuma. Akikosa mabao mechi tatu mfululizo, ni garasa, ile karata isiyo na thamani ambayo mchezaji huitupa bila kuitazama mara mbili. Na muda wote huo, awe chuma au awe garasa, kitenzi chake ni kilekile: ananunuliwa, anauzwa, anatolewa kwa mkopo.

Mimi ni Mkurya, mnada naujua. Najua mnunuzi anavyomzunguka fahali, anavyomfunua kinywa kuhesabu meno, anavyombonyeza nundu, anavyomtembeza hatua chache ili aone kama miguu ni mizima. Siku moja pale senta nilimsikia kijana akimjadili beki mmoja, goti lake, umri wake, kilo zake, bei yake, nikajikuta nimesimama katikati ya mnada. Fahali wa mnadani hana haja ya kujua yaliyoandikwa kwenye stakabadhi. Je, mtu?

Lugha ya usajili inatuficha jambo moja kubwa: kwamba kinachouzwa si mtu bali ni makubaliano. Mchezaji na klabu wana mkataba. Klabu ya pili hulipa ili mkataba ule ukome kabla ya wakati wake. Hayo ndiyo yote. Ni karatasi inayouzwa, wala si mguu.

Tuchukue mfano ambao kila msomaji anaukumbuka. Mwezi Desemba 2022 Feisal Salum, kiungo kutoka Zanzibar tunayemwita Fei Toto, aliamua kuondoka Yanga. Aliingiza fedha katika akaunti ya klabu akiamini kwamba amejikomboa kwa mujibu wa mkataba wake. Klabu ilikataa, na shirikisho la mpira likaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Miezi ikapita, kijana mwenye kipaji adimu hachezi. Kutoka upande wa familia yake ukazuka usemi wa kula ugali na sukari, na nchi nzima ikaudaka: wengine kwa kicheko, wengine kwa huruma. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho bila yeye, ikatoka sare ya jumla ya 2-2 na USM Alger na kulikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini. Juni 2023, klabu ilipoalikwa Ikulu, Rais Samia Suluhu Hassan akawaomba viongozi wake walimalize jambo la Feisal. Siku chache baadaye kijana akawa mchezaji wa Azam.

Wakati ule mimi, mtu wa Msimbazi, nilifurahi kuona watani wetu wanahangaika. Sikujiuliza swali lililokuwa wazi: ilikuwaje watu wawili wasome karatasi moja na kila mmoja aone jambo lake? Tena ilikuwaje mgogoro wa kifungu cha mkataba ufike mpaka mezani kwa mkuu wa nchi ndipo upate suluhu? Mpira na siasa kwetu ni chanda na pete, jambo hilo si geni. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba mwaka 1936; Simba yenyewe iliitwa Sunderland, jina la mji wa Uingereza, hadi mwaka 1971 ilipochukua jina la Kiswahili. Na Februari 2023 lilizaliwa "goli la Mama", zawadi ya Rais iliyoanza kwa shilingi milioni 5 kwa kila bao la klabu zetu katika mashindano ya Afrika. Lakini mkono wa Rais usingehitajika kama maneno ya mkataba yangeeleweka kwa pande zote tangu siku ya kutia saini.

Hapa nataka tulitazame neno lenyewe. Mkataba. Mzizi wake ni wa Kiarabu, konsonanti tatu, k-t-b, zenye maana ya kuandika. Ukoo wake ni mkubwa: kitabu, maktaba, katibu, katiba, mkataba. Wote ni watoto wa baba mmoja. Tena katika sheria ya Kiislamu neno la umbo hilohilo, mukataba, lina maana mahususi: ni mapatano ya maandishi ambayo kwayo mtumwa alijinunua kwa bwana wake, akilipa kidogo kidogo hadi awe huru. Simfananishi kiongozi yeyote wa klabu na bwana wa watumwa. Mchezaji wa leo ana mshahara na hiari yake. Ninachosema ni kwamba ndani ya neno lenyewe, tangu kale, mmelala swali hili: maandishi haya yanamfunga mtu, au yanamfungua?

Swali hilo limeulizwa hata mbali. Marekani wana mchezo wa besiboli, ambao mimi sijawahi kuuona kwa macho. Lakini niliwahi kusoma habari za Curt Flood, mtu mweusi, mchezaji hodari wa St. Louis Cardinals. Mwaka 1969 klabu yake ilimbadilisha na wachezaji wa Philadelphia bila kumuuliza, naye akakataa kwenda, akisema yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa. Alifika hadi Mahakama Kuu ya nchi ile na akashindwa mwaka 1972. Kazi yake ya uchezaji ilikuwa imekwisha kukoma. Lakini mwaka 1975 wachezaji wengine wawili walishinda mbele ya msuluhishi, na mlango aliougonga yeye ukafunguka. Ulaya nayo ilimpata Jean-Marc Bosman, Mbelgiji, aliyeshinda kesi yake Desemba 1995, na tangu hapo mchezaji anayemaliza mkataba huondoka bila kudaiwa ada. Miaka 20 baada ya hukumu ile, Mbwana Samatta wetu, aliyetoka Simba kwenda TP Mazembe mwaka 2011 na kutwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2015, alihamia Genk, katika nchi ya huyohuyo Bosman. Na mwaka 2020, katika fainali ya Kombe la Ligi uwanjani Wembley, akaifungia Aston Villa bao dhidi ya Manchester City. Sisi tulishangilia bao. Wachache tulifikiri juu ya karatasi zilizomvusha kutoka uwanja hadi uwanja.

Sasa nirudi kwenye neno "nyingine".

Mwaka 1999 nilikuwa mwalimu wa Kiswahili na msimamizi wa michezo katika shule moja ya sekondari. Nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye mguu wa kushoto ambao mpaka leo sijaona mfano wake. Alipiga mpira kama mtu anayeandika kwa mwandiko mzuri: bila haraka, bila kufuta. Wakaja watu wa timu moja ya mjini wakiwa na karatasi nne zilizoandikwa kwa Kiingereza. Baba yake hakujua kusoma. Akaniambia mbele ya wageni wale, "Mwalimu, wewe ndiye macho yangu."

Nilisoma ukurasa wa kwanza. Wa pili ulikuwa na Kiingereza cha wanasheria, sentensi ndefu kama mto Mara wakati wa masika, nami nikaona haya kusema kwamba sielewi. Mwalimu aseme haelewi, mbele ya mzazi na wageni wenye suti? Nikafunua ukurasa wa tatu na wa nne kama asomaye. Nikasema, "Iko sawa, mzee." Baba akaweka dole gumba, mimi nikatia saini ya shahidi.

Katika msimu wake wa pili goti lilikatika kano. Ndipo tukajua yaliyokuwamo ukurasa wa tatu: mchezaji akikosa kucheza siku 30 mfululizo kwa sababu yoyote ile, malipo hukoma, na matibabu ni juu yake mwenyewe. Alirudi kwa basi, magongo mawili, bila cheti cha kidato cha nne. Baba yake aliuza ng'ombe watatu kwa ajili ya goti lile. Siku niliyokwenda kuwapa pole, mzee hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, karatasi ile uliisoma?"

Sikumjibu. Mzee yule amekwisha kufariki, na swali lake bado linanidai.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi ningeongeza kuwa mtu naye hupotea hata daftari likiwapo, kama halisomwi.

Baadhi yenu mtauliza: siasa ya nchi inaingiaje katika goti la kijana wa Tarime? Inaingia kwa mlango wa yule mtoto mwingine wa k-t-b: katiba. Katiba ni mkataba wa taifa. Nilifundisha neno hilo miaka mingi, ngeli ya I-ZI, wingi na umoja haubadiliki. Nililitungia sentensi ubaoni. Lakini Katiba yenyewe, ile ya mwaka 1977, sikuwahi kuisoma kutoka ibara ya kwanza hadi ya mwisho mpaka nilipostaafu. Nilifanya kwa nchi yangu kosa lilelile nililofanya kwa mwanafunzi wangu: nilifunua kurasa kama asomaye, nikasema iko sawa.

Tulipewa nafasi ya kusoma. Mwaka 2012 iliundwa Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba, mwana wa mkoa huu wetu wa Mara. Wananchi walitoa maoni, rasimu zikachapishwa, Bunge Maalumu likakaa, na Oktoba 2014 ikapitishwa Katiba Inayopendekezwa. Kura ya maoni ilipangwa Aprili 30, 2015. Ikaahirishwa, na hadi ninapoandika haijapigwa. Sitaki kumvuta msomaji upande wa chama chochote. Hapa Tarime siasa ni moto na kila nyumba ina rangi yake. Nauliza tu: wangapi kati yetu tuliokuwa tukibishana kwa sauti kubwa miaka ile tulizisoma karatasi zenyewe?

Hata lugha ya siasa yetu imekopa kutoka kwenye usajili. Kati ya mwaka 2017 na 2020, wabunge na madiwani kadhaa walipohama vyama, wenyewe walisema wanaunga mkono juhudi, na watu vijiweni wakasema "dirisha limefunguliwa". Tulicheka. Lakini tofauti ni kubwa. Mchezaji akihama huchukua miguu yake mwenyewe. Mbunge hukikalia kiti kwa kura zetu, na ndiyo maana Katiba inasema akikihama chama chake hupoteza kiti, nasi hurudi kupiga kura upya. Anayejua ibara hiyo huuliza swali tofauti na anayejua utani tu. Oktoba tutakwenda tena kwenye masanduku ya kura. Tutawajua wagombea kwa majina na kwa vijembe, kama tunavyowajua washambuliaji. Nani atakuwa ameisoma karatasi?

Basi jioni ile ya Julai tuliwasha taa, tukafungua bahasha. Kurasa sita, Kiingereza tena, ingawa mwaka 2021 Bunge letu lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Nilimwambia kijana alete daftari. Tukaanza kutafsiri kifungu kwa kifungu: mimi nasoma, baba anauliza, kijana anaandika. Palipokuwa na neno nisilolijua, nilisema kwa sauti, "Hili silijui." Niamini, ndugu msomaji, sentensi hiyo fupi ilikuwa nzito kuliko zote nilizowahi kutamka mbele ya mwanafunzi. Tukampigia simu mwanafunzi wangu mwingine, wakili jijini Mwanza. Tulimaliza saa sita usiku.

Mkataba ule ni wa miaka 5. Wakili akatueleza kwamba kanuni za FIFA hazimruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kufungwa na mkataba wa kulipwa unaozidi miaka 3. Tena mwishoni kuna kifungu kinachosema akiondoka mapema, mzazi atarudisha gharama zote za malezi, bila kutaja ni kiasi gani. Kuhusu majeraha, hakuna hata neno moja. Tumeandika barua kwa Kiswahili: tunaomba miaka ipunguzwe, gharama zitajwe kwa tarakimu, matibabu yaandikwe, na nakala ya Kiswahili iambatishwe.

Leo ni siku ya 12, majibu hayajaja. Dirisha litafungwa. Kijana amenuna, hanisalimii kwa furaha kama zamani. Juzi nilimsikia akimwambia mama yake kwamba mzee yule atamkosesha bahati. Huenda ni kweli. Huenda timu itachukua kijana mwingine ambaye mwalimu wake hakusoma, na huyu wangu atabaki akipiga mpira kwenye uwanja wa shule yetu wenye mteremko. Nalibeba hilo pia. Lakini nikiulizwa tena, safari hii nina jibu.

Husema majuto ni mjukuu. Nilifundisha methali hiyo kwa miaka mingi nikidhani ni fumbo tu. Kijana huyu ni mjukuu wa mzee aliyenifanya macho yake, na mguu wake, kama mlivyokwisha kubashiri, ni wa kushoto.

Katika ukurasa wa mwisho wa daftari lake, chini ya tafsiri yetu, nilimwandikia beti mbili. Nawaachieni nanyi, mpime mizani na vina, na mnisahihishe penye kosa:

Mwana shika mkataba, usitie wino hima,
Hata ukipewa haba, bora haba ya salama,
Neno dogo huwa mwiba, likachoma likazama,
Mkataba na katiba, kwanza soma, kisha sema.

Wewe si wa mnadani, kama fahali kupimwa,
Utu hauna mizani, wala bei ya kusemwa,
Yaliyomo warakani, yote yataka kusomwa,
Mkataba na katiba, kwanza soma, kisha sema.